Uzinduzi wa Programu ya Kusoma Vilima vya Asali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru akanikabidhi nafasi yake, kwa hiyo najisalimu mwenyewe kwa heshima zote. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kusimika Programu na Leseni, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa kamati, na wajumbe wa kamati ndogo inayoiangalia kamati. Mkuu wa Maabara, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, uliyesomea kemia mpaka ukavaa miwani. Mwenyekiti wa Umoja wa Wafuga Nyuki, ambaye ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, na ambaye naona amekaa mstari wa mbele kabisa akiwa amekunja mikono na uso. Wafuga nyuki wote, mafundi, madereva, wapika chai. Na wewe uliyejibanza nyuma ya spika ukidhani sikuoni: wote nawatambua, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu mmoja anapiga mluzi.)

Ndugu zangu, leo tunaandika historia, na kalamu nimeishika mimi. Najua wengi mnajiuliza, hivi hii projekti ya kusimika programu ya kromatografia na kuikatia leseni ni mdudu gani? Msione aibu. Hata mimi, kabla sijawa bingwa, kuna asubuhi moja nilikuwa sijui. Ilipofika chai ya saa nne nikawa nawafundisha wengine.

Mashine iko pale ndani, nyuma ya mlango huu wenye utepe mwekundu. Unaipa tone la asali, yenyewe inalipitisha kwenye mrija mwembamba, na vyote vilivyomo vinatokea upande wa pili kimoja kimoja, kila kimoja kwa zamu yake, kama watu wakitoka mkutanoni: vijana wanatangulia, wenye matumbo kama mimi tunafuata, na mjumbe aliyekuwa amelala anatoka wa mwisho akiuliza kama posho imeshagawiwa. (Kicheko.) Sasa kila kinachotoka, programu iliyo kwenye kompyuta inakichorea kilima chake. Hiki cha sukari, hiki cha jirani yake sukari, na kikijitokeza kilima cha dawa ya kuua wadudu, hata kiwe kidogo kama kichuguu, programu inakinyooshea kidole. Vilima vikiwa safi, cheti kinatoka, asali inasafiri ng'ambo na heshima zake. Bila programu, mashine inameza tone la asali halafu inanyamaza, kama mume aliyeulizwa alikuwa wapi. (Kicheko kirefu, hasa upande wa kina mama.)

(Shemeji, bila kusimama: "Na mapipa yetu yamekaa stoo msimu mzima yakingoja hicho cheti! Mnunuzi kasema Ijumaa asipokiona anakwenda kununua kwingine. Tutakula asali mpaka meno yaishe?")

Nakushukuru sana shemeji kwa mchango wako, nitaujibu kwa mapana na marefu yake. Mapipa yako ndiyo roho ya projekti hii. Kwa ajili ya mapipa yako mimi usiku silali, muulize mdogo wako.

("Nimemuuliza. Anasema unakoroma mpaka mabati yanalia.")

Huko ni kufikiri kwa sauti. (Kicheko. Wapika chai wanagongeana viganja.) Tuendelee.

Ndugu wananchi, kuna watu wananisema pembeni kwamba sikusoma sana. Ni kweli niliishia darasa la saba, lakini lilikuwa darasa refu. Wengine wamesoma miaka mingi polepole, mimi nilisoma michache kwa kasi. Nilipohudhuria semina ya kimataifa ya sistimu za kidijitali, mtaalamu mmoja mwenye tai mbili aliniomba nijaribu kompyuta yake. Nikachapa kwa kidole hiki kimoja, hiki hapa, mpaka kibodi ikatoa moshi, fundi wa umeme akaja mbio na ndoo ya mchanga, ukumbi mzima ukasimama. Wakaniuliza, mzee, umetokea chuo gani? Nikawaambia, mimi ndiye chuo. (Makofi machache. Sauti: "Mwaka jana ulisema ni mashine ya kushonea!") Hiyo ilikuwa semina nyingine.

Sasa nije kwenye leseni, maana hapo ndipo kamati yangu imetoa jasho. Leseni ya programu hii siyo kama ya kuendeshea gari, ukishapewa unatia mfukoni. Kuna ya mtu mmoja mmoja na kuna ya kupokezana, na hii ya kupokezana ni sawasawa na ufunguo wa choo cha ofisi: aliye nao ndiye aliyeingia, wengine mnasubiri mlangoni mkibadilisha miguu. (Kicheko.) Kamati ilikaa, ikatafakari, ikala, ikakaa tena, na baada ya majadiliano yaliyovunja kiti kimoja tukapanga kisayansi nani ataishika siku gani. Jumatatu mpaka Ijumaa leseni inakuwa kwangu. Jumamosi inakuwa kwa katibu wangu. Jumapili inapumzika. Na Mkuu wa Maabara, kwa kuwa ndiye anayeitumia, ataipata sikukuu zote za kitaifa.

(Mkuu wa Maabara anasimama: "Mjomba, samahani, naomba niseme neno moja tu...")

Keti mwanangu, keti, neno moja la mkemia huchukua saa mbili. Nakupenda sana, wewe unajua. (Mkuu wa Maabara haketi. Anatazamana na shemeji, kisha anatoka nje taratibu, amebeba kikapu cha chupa za sampuli.) Ameenda kuandaa maabara, mpigieni makofi! (Makofi.)

Tukaja kwenye usalama wa data. Programu hii inataka neno la siri, na mimi ni muumini wa utawala bora, sikutaka kulichagua peke yangu gizani kama dikteta. Tuliitisha mkutano mkuu, tukapiga kura ya kunyoosha mikono, neno likapita bila kupingwa, tukalibandika kwenye ubao wa matangazo ili asije akatokea mtu akasema hakushirikishwa. Na ninajivunia kutamka kwamba siri hiyo imetunzwa na jamii nzima. Neno letu la siri ni lipi?

(Umati, kwa sauti moja: "Nyuki mkali!")

Hongereni! Mwizi atapitia wapi? Na zaidi ya hapo, programu ina kitu kinaitwa kumbukumbu ya nyayo: kila anayeingia, kila anayegusa kilima, jina lake linaandikwa na saa yake, na hata bosi hawezi kufuta. Kifungu hicho kamati imekipitisha kwa marekebisho madogo, kwamba bosi anaweza. (Minong'ono.) Kwa kifupi, takwimu za implimentesheni ni hizi, na atakaye aziandike: uhamasishaji asilimia tisini, uelewa wa wadau asilimia tisini na tano, furaha ya wadau asilimia mia moja na tatu; hizo tatu zilizozidi mia ni bidii yangu binafsi, sikuomba nilipwe.

(Shemeji anasimama. Ana chupa ya asali mkononi.)

("Shemeji, hongera kwa asilimia. Hii hapa asali, nimeikinga asubuhi kwenye pipa la kwanza. Kata huo utepe, tia tone, tuone kilima. Kimoja tu. Ukinionyesha kilima kimoja, nakaa kimya mpaka uzeeni.")

Shemeji yangu... (Anakunywa maji.) Shemeji, wazo zuri sana. Wazo la kimapinduzi. Lakini sayansi ina heshima zake, mashine haifuatwi mikono mitupu namna hiyo, lazima kwanza ipashwe moto, halafu ipoe, halafu izoee sauti za watu...

("Mashine tunaijua, mwanao wa dada anaifuta vumbi kila siku. Nauliza programu. Imewekwa au haijawekwa?")

Imewekwa kwenye mpango mkakati.

("Kwenye kompyuta, shemeji!")

Kompyuta nayo imewekwa kwenye mpango mkakati. (Kelele. Mtu anapiga kelele: "Asali yetu!" Mwingine: "Kaaa, huyu mzee!") Utulivu, ndugu zangu, utulivu! Projekti kubwa haiharakishwi! Hata kifaranga...

(Nje, injini ya lori inawaka. Shemeji anaelekea mlangoni: "Nilijua. Ndiyo maana mapipa nimeyapakia tangu alfajiri. Mwanao wa dada kashaongea na wenzake wa maabara ya ng'ambo ya mto. Wao wanayo programu, ina leseni, na wanatupimia leo leo, cheti tunakipata kesho. Anayekuja aje!" Wafuga nyuki wanainuka. Viti vinaburutwa.)

Tafadhali, hotuba haijafika kwenye kaulimbiu! Angalau kaulimbiu! Maabara bila karatasi!

(Wapika chai: "Bila karatasi!")

Kilima kwa kilima, mpaka soko la dunia!

(Mpika chai mmoja: "Dunia!" Mwenzake anakusanya vikombe.)

Leseni mkononi, maendeleo mlangoni!

(Kiti kimoja kinaanguka.)

Basi, kwa hao mliobaki, na kwa spika hii ambayo imenivumilia, nitoe shukrani. Naishukuru kampuni ya kutengeneza programu, popote pale ilipo duniani, ambayo hatujaiandikia barua kwa sababu kamati bado inajadili kama tuanze na salamu au tuanze na yahusu. Namshukuru mwenye duka la vitambaa aliyetuazima huu utepe kwa masharti kwamba usikatwe. Namshukuru fundi aliyepaka rangi mlango, kazi ambayo, nikisema ukweli mbele yenu, ndiyo pekee iliyokwisha, na nawaomba msiufungue, kwa kuwa hiyo meza ya kuwekea kompyuta niliyowaambia tumeshainunua, ilikuwa ni ile ninayoegemea hapa, na jioni inarudi jikoni kwangu. Asanteni kwa kunisikiliza, na projekti oye...

(Lori linapiga honi. Linaanza kusogea.)

Shemeji! Shemeji, mwambie dereva asimame kidogo! Mbele pamejaa? Haidhuru, hata huko nyuma katikati ya mapipa nitakaa, nitayashikilia yasigongane! Wenzangu nipeni njia, nipisheni, nipisheni! Tangu niteuliwe kuongoza hii projekti sijawahi kuiona programu yenyewe, shemeji, wala kilima kimoja, na nisingependa nistaafu nikiwa nawahadithia watu kitu ambacho macho hayajakitazama!

("Panda, shemeji. Ila kipaza sauti kiache hapo hapo.")