Komisyo ya Kulalisha Telefone

Kwa jina ya elimu, usalama na heshima ya Lualaba yote, inatangazwa kama kuanzia leo telefone inakatazwa mu masomo yetu ya hapa Kasulo: mu kalasi, mu kiwanja, mu choo na mu mawazo.

Ni mi nilisoma ile tangazo mbele ya bendera. Mi Mukuna, direktere wa disipline na rapportere, ni kusema mwandishi, wa Komisyo ya Kulalisha Telefone. Mwenye kusimamia Komisyo ni Tata Polycarpe, prefe wetu, mukubwa wa masomo. Tangazo tuliituma pia ku WhatsApp, sababu karatasi ilikuwa imekwisha.

Batu ba fitina banasema kama ile sheria ilitoka juu ya Abigaël, mutoto wa kalasi ya sita, mwenye alipiga foto ya ufa mu kalasi yao. Ni bongo, uongo tupu. Sheria ilifikiriwa muda mrefu, tangu jioni ya ile siku ya foto mupaka usiku.

Lazima nieleze ile ufa. Kila mutu anajua mvua inaharibu karatasi. Kwa hiyo Tata Prefe alichimba arshive ya masomo chini ya sakafu ya biro yake, akaweka mbao na turubai ya rangi ya machungwa juu, akaita bafundi ba arshive batatu, bijana ba nguvu, kila mutu na taa ku kichwa. Banashukaka asubuhi, banatoka na mifuko ya arshive, nyeusi, nzito, yenye maji, banapeleka kwa muguzi, mwenye kununuaka kobalti. Siku moja niliuliza: “Tata Prefe, hii arshive ni ya mwaka gani?” Akajibu: “Ya zamani sana, Mukuna. Mbele ya Babeleji.” Mutu mwenye kusoma anaheshimu historia, nikanyamaza.

Sasa arshive iliongezwa kidogo kuelekea kalasi ya sita, na ufa ukafuata. Abigaël akaja kuniona.

“Tata Direktere, jana ufa uliingiza kalamu. Leo umemeza kiatu ya mwenzangu Chancelle.”

“Chancelle alikuja na kiatu moja?”

“Alikuja na mbili, tata. Tuko batoto makumi ine mule ndani. Mi naogopa. Papa yangu Ruffin iko muchimbaji, ananiambiaka: udongo ukifungua kinywa, haungojake mutu.”

“Kuogopa haiko mu programe,” nikamujibu.

“Basi nitatuma foto ku grupe ya bazazi.”

Mwaona sasa ubaya ya telefone. Ile ya Abigaël njo ilikuwa ya kwanza kukamatwa, mbele haijatuma kitu. Mu siku tatu tukakamata ya batoto bote, ya balimu, ya mulinzi. Ya kwangu nilitoa mi mwenyewe, kwa kupana mufano. Ni ya Tata Prefe tu ilibakia, sababu mukubwa hajifundishe kwa mufano. Telefone yote tukaijaza mu mufuko moja, na Tata Prefe akaiweka katikati ya biro, juu ya turubai, akaweka kiti yake pembeni, akaikalia ulinzi.

Siku ya ine, saa ine, wakati bafundi ba arshive balikuwa kwa muguzi, mbao ikachoka.

Nilikuta biro haina prefe wala mufuko ya telefone. Kulikuwa shimo, na sauti ndani yake.

“Mukuna. Ita batu.”

“Majirani, Tata Prefe?”

“Majirani hapana. Ni siri ya masomo. Telefone yangu imezama mu maji, na udongo unanimwagikia. Fanya mbio, ndugu yangu.”

Ndugu yangu. Miaka kumi na moja alikuwa hajaniita vile.

Batoto bakajaa ku mulango. Abigaël akapita mbele, akachungulia shimo.

“Papa njo anatoshaka batu mu mashimo,” akasema. “Iko ku machimbo ya Kingamyambo na kamba yake. Namba yake iko mu telefone yangu, tata. Na telefone yangu iko kwako mule chini.”

“Hauijui ku kichwa?” Tata Prefe akauliza.

“Ku kichwa niko na ile munafundisha.”

Tukasikia Tata Prefe anapekua mu mufuko. “Ya rangi ya bleu, kioo imepasuka?”

“Ile ile.”

“Inaniomba kode. Nipe kode, mutoto.”

“Artikle ya tatu, tata: hakuna kutumia telefone mu masomo bila ruhusa ya kuandikwa.”

Artikle ya tatu niliandika mi mwenyewe. Mutoto aliisema bila kukosa hata neno. Nilifurahi, siwafiche.

Tukashusha karatasi na kalamu ku mukaba wangu. Tata Prefe akaandika ruhusa, akasaini, ikapanda na matope. Abigaël akaisoma pole pole.

“Haraka, mutoto.”

“Haraka haraka haina baraka, tata. Kode ni sifuri ine, sifuri tisa. Fungua foto. Ile ya ufa, itume ku grupe ya bazazi. Kisha piga ya pale unasimama, itume pia. Nyuma ndio unamwita papa.”

“Hapana. Ile haiwezekane.”

“Kalasi yetu iko juu ya kichwa yako, tata. Bale makumi ine ni batu.”

Udongo ukamwagika tena, nikasikia unapiga maji. Kisha ikalia ting, na tena ting. Nyuma yake, sauti ya Tata Prefe, laini: “Alo, Tata Ruffin?”

Bazazi balifika mbele Ruffin hajafika. Mama Florentine, mama ya Abigaël, alikuja na unga mupaka ku biwiko, akatosha kalasi ya sita yote inje, na akarudi kuhesabu tena. Saa tano na nusu, sakafu ya kalasi ikashuka na benchi tano za mbele. Hakukuwa mutu juu yake. Nikakaa chini mu vumbi. Makumi ine, na mi nilisema haiko mu programe.

Ruffin alifika, akafunga kamba, akavuta. Tata Prefe akatoka na matope mupaka mu masikio. Kiwanja kilijaa bazazi, kila mutu na telefone juu, inamukamata foto kuanzia kichwa mupaka ku soksi.

Akaniinamia ku sikio. “Mukuna, banyanganye telefone.”

Nikatazama Mama Florentine. Alikuwa amesogea karibu, ili foto itoke muzuri.

“Sawa, Tata Prefe,” nikasema. “Weye uanze na ile yake.”