Pini Mdomoni na Wimbo wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mungu hamtupi mja wake! Albamu yetu ya tatu inatoka Ijumaa, na leo nani kaingia dukani kwangu? Mchambuzi wa muziki wa gazeti. Mwenyewe, suruali mkononi. Kiuno kinambana. Ananijua kama fundi cherehani, basi. Albamu iliyopita aliandika kuwa sisi ni "wanamuziki watatu wapole". Tuko wanne! Aliyesahaulika ni mimi, mpiga besi. Safari hii jina langu litatoka gazetini, au nisiitwe mwanamume. Nimemwambia aje kesho kupima. Kazi yenyewe ni ya nusu saa.

Jumanne, 4 Machi
Mtego umenasa. Nimemsimamisha juu ya kibao, nikambandika pini kuanzia kiunoni hadi kwenye upindo. Hata kukohoa asingeweza. Kisha redio: albamu nzima, besi nimeifungua hadi mwisho. Kwa bahati mbaya mwalimu jirani yangu alikuwa anasubiri sketi yake, kwa hiyo mchambuzi kasimama, mimi nakanyaga cherehani huku nachomoa pini za sketi na kuzibana mdomoni. Wimbo wa tatu akafumba macho. Akaanza kutikisa kichwa. Akauliza mdundo huo anaupiga nani. Jamani, pini sita mdomoni! Nikajipigapiga kifuani. Akasema kweli kabisa, hata yeye umemgusa moyo.

Haidhuru. Ujumbe nadhani umefika.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi, kwenye stoo ya mpiga dramu. Muziki wetu ni roki ya taratibu, ya kusikiliza ukiwa umejinyoosha, lakini huyu anapiga taratibu mpaka unadhani ameshakwenda nyumbani. Na ana maringo! Kwenye jalada la albamu yeye yuko mbele. Mimi nimeonekana kiwiko.

Mwimbaji wetu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Amesema yeye hasubiri sifa. Albamu mbili zimepita na hakuna aliyewahi kuandika hata neno moja juu ya sauti yake. Alisema hayo huku anafuta gitaa mahali pale pale palipokwisha kung'aa. Nimewaambia watulie, mambo yanaiva. Sikufafanua.

Ijumaa, 7 Machi
Nimenunua magazeti sita kabla sijasoma hata moja. Tumesifiwa! Sauti ya shemeji "ni ya mtu anayekwambia ukweli bila kukugombeza". Na wimbo wa tatu ndio kito cha albamu: "Mdundo wa ajabu. Unakimbia, unakoma, unaanza tena. Mpiga dramu huyu ni bingwa." Kisha mstari wa mwisho: "Dosari ni moja tu, besi. Imezidi mno, na mpigaji wake sikuona haja ya kumtafuta jina."

Mke wangu amecheka mpaka akakalia meza ya kukatia. Akasema, "Baba watoto, dramu hiyo ni cherehani yako." Nimeusikiliza wimbo upya. Ni kweli. Mle ndani hakuna mdundo wowote. Mpiga dramu amepumzika wimbo mzima!

Jumamosi, 8 Machi
Tumepiga ukumbini. Watu wakadai ule mdundo. Mpiga dramu akasimama, akainama kupokea makofi, akatangaza kuwa mdundo ule anautunza kwa siku maalumu. Anautunza! Mke wangu anasema nimweleze mchambuzi ukweli, atasahihisha, na jina langu litatoka. Nimekubali. Kesho kutwa anakuja kuchukua suruali.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amekuja kunywa chai. Gazeti liko mfukoni mwa shati, limekunjwa mara nne. Akamsomea dada yake ile sentensi ya sauti. Akaisoma tena, kana kwamba hatukusikia. Miaka yote hii sijapata kumwona na uso ule. Nikapiga hesabu: mchambuzi akikiri gazetini kwamba alisifu cherehani, nani ataamini tena aliyosema juu ya sauti? Nikaongeza sukari, nikaamua siri ya cherehani nibaki nayo. Ajabu, roho ilikuwa nyeupe kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Mchambuzi kaja. Suruali imemkaa barabara. Analalamika kuwa nyumbani kwake wimbo wa tatu hausikiki vile, akauliza redio yangu ni ya aina gani. Nikamwambia ya zamani. Hapo ningekoma. Sikukoma. Nikamwambia, "Mpiga besi ni mimi."

Akaniangalia kwa huruma.

"Pole sana, fundi," akasema. "Lakini kwa suruali, mikono yako ni dhahabu."

Jina hakuuliza. Nimeudhika kidogo, mpaka saa ya chakula.

Jumanne, 11 Machi
Nimekaa, nimeyatafakari makosa yangu, na nimeyaona. Kosa lilikuwa kumtegemea mtu aliyesimama na mwenye uwezo wa kuuliza maswali. Sasa basi: mchambuzi wa kituo cha redio, yule mama mkali, kesho ana miadi kwa daktari wa meno, mlango wa tatu kutoka kwangu. Atalala chali, kinywa wazi, saa nzima. Nimempelekea daktari albamu na amekubali kuipiga mwanzo hadi mwisho. Ana wasiwasi mmoja tu, kwamba mashine yake ya kutobolea meno inalia kidogo, isije ikaingilia muziki. Nimemwambia asijali hata chembe.