Baiskeli ya Mke Wangu Inataka Breki Tu

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema! Kinyozi kaleta baiskeli, cheni imekatika. Nikamwambia aniachie, kesho aje kuichukua, na malipo asiyataje kabisa. Mimi natengeneza kwa mapenzi. (Na kwa sifa, lakini daftari hili halisomwi na mtu.) Jumamosi kundi zima la baiskeli la mtaani tunakwenda bwawani na kurudi, na nataka kila baiskeli iwe imepita mikononi mwangu. Siyo mikononi mwa shemeji! Kaka huyu wa mke wangu ana sanduku la spana zinazong'aa, na kucha zake hazijawahi kuona grisi. Fundi gani huyo?

Mke wangu kauliza ya kwake lini. Alijifunza kuendesha mwaka jana, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, akianguka na kucheka. Jumamosi ni safari yake ya kwanza ya mbali. Amenunua hata kofia. Nimemwambia aondoe shaka, ya kwake inataka breki tu.

Cheni ya kinyozi haiungiki. Ya mke wangu ni saizi ileile. Nimeiazima mpaka Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni

Mwalimu wa hesabu, pedeli ya kushoto inalegea. Kazi ya dakika mbili! Nikatia spana, nikakaza. Ikagoma. Nikakaza kwa mikono miwili, nikaongeza na goti. Krak! Pedeli ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia, kila fundi anajua. Hata mimi najua. Nimewahi kumcheka mtu kwa kosa hilohilo.

Hesi zote, ile mikato ya kuzungushia, zimelika, na mkono wa chuma unaoshika pedeli haufai tena. Mwalimu akauliza ile sauti ilikuwa ya nini. Nikasema ni chuma kinajinyoosha. Akatikisa kichwa kwa heshima, maskini.

Baiskeli ya mke wangu ilikuwa na mkono mzuri sana wa kushoto, pamoja na pedeli yake.

Alhamisi, 6 Juni

Mshonaji kaingia mtaroni, gurudumu la mbele limepinda. Nimeshinda nalo tangu asubuhi, nikikaza spoku hii na kulegeza ile. Lilikuja na umbo la yai, kufikia saa nane lilikuwa kiazi. Mshonaji akasema basi, sisi twende tu, yeye atabaki. Machozi yalikuwa karibu kumtoka. Mimi na huruma yangu! Nikamwambia katika kundi hili habaki mtu.

Nikaingia stoo, nikatoka na gurudumu zima. Akazunguka ua mara tatu akipiga kelele za furaha, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Mtu kaja akisukuma, kaondoka amepanda. Hakuna raha inayoishinda hiyo, naandika kweli.

Jioni shemeji kapita. Anajitolea kummalizia dada yake baiskeli kwa saa moja. Nikamjibu ile ina fundi wake. Kisha nikaifunika shuka na kutangaza nyumba nzima kwamba rangi haijakauka, isiguswe.

Ijumaa, 7 Juni

Duka la spea limefungwa, mwenyewe kaenda harusini. Nimerudi stoo kufanya hesabu. Kuna fremu, usukani, kiti, gurudumu la nyuma, pedeli moja na kengele. Kengele inalia vizuri sana.

Mke wangu kapiga pasi suruali ya safari na kujaza chupa ya maji. Kaniuliza kama rangi imekauka. Nikasema karibu. Kaniita fundi wake.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu! Mke wangu kafunua shuka mwenyewe, kofia kichwani. Nikaanza kueleza kwamba mganga hajigangi. Akaniuliza kama yeye ndiye mganga.

Wakati huohuo wakaingia kinyozi, mwalimu na mshonaji. Mshonaji akamshukuru mke wangu kwa kuolewa na mtu mwenye moyo, anayetoa spea bure. Mke wangu akawazunguka wote watatu polepole. Akamwambia mshonaji kwamba gurudumu lile ni jepesi, atalifurahia. Akamwambia mwalimu mkono ule wa kushoto una mlio kidogo, asiogope. Mshonaji ndiye aliyeelewa kwanza. Wakataka kuzirudisha papo hapo. Mke wangu akakataa, akasema wao hawana kosa na jua linapanda.

Halafu akaitazama baiskeli yangu.

Shemeji, aliyekuja kuwasindikiza, alimshushia kiti cha baiskeli yangu kwa spana mpya, akiuma midomo asicheke. Wakaondoka wote. Mimi nikabaki mlangoni na fremu, nikiwapungia. Nililia kidogo.

Wamerudi saa saba. Uso wake unang'aa! Kanisimulia mteremko wa bwawani, alivyoachia breki na kupiga kelele. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema tu kwamba mpaka ya kwake iwe nzima, yangu ni yake. Nimeapa mbele ya wote: sigusi baiskeli ya mtu yeyote mpaka ya mke wangu itembee.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mtu mpya. Nimefagia stoo. Nimepanga spana kwa ukubwa.

Saa nne kaja mkunga wa mtaa wa pili, anasukuma baiskeli, pedeli ya kushoto imevunjika. Kasikia kuna fundi mwenye moyo. Kesho ana wajawazito watatu wa kuwatembelea. Mkunga! Mimi ni nani niwacheleweshe watoto kuzaliwa?

Nimemfungia moja ya baiskeli yangu, ambayo kwa sasa ni ya mke wangu, na safari hii nimekaza kinyume, vizuri kabisa. Nani anasema sijifunzi? Kaondoka amepanda, akiimba.

Mke wangu kaenda kwa miguu kwa mama yake, yuko huko mpaka jioni. Safari ijayo ni Jumamosi, siku sita nzima. Na pedeli yake ya kulia sikuigusa.