Mwenyekiti wa Changarawe

Jumamosi, 11 Julai
Nimeanzisha chama! Chama cha Waendesha Baiskeli wa Changarawe. Mwenyekiti: mimi. Wanachama: bado. Jirani yangu kinyozi amenunua baiskeli ya matairi mapana, ya kupita njia za changarawe, na kila mteja lazima asimuliwe vumbi alilokula huko porini. Nimechoka kusimuliwa huku nina povu masikioni. Nimenunua kaptura ya kubana, ya wanariadha. Mke wangu kasema nafanana na soseji. Wivu tu.

Jumapili, 12 Julai
Mwanachama wa kwanza kajitokeza. Mama mkwe! Yupo kwetu kwa ajili ya goti. Daktari kamwambia asilipumzishe sana. Kachukua baiskeli ya mke wangu, ile ya kikapu. Ningekataaje? Mkwe ni mkwe. Ila kaptura! Nikitangulia, ananiona nisivyopaswa kuonwa. Nikimfuata, balaa lile lile, kwa upande wa pili. Nikaamua twende sambamba. Njia ikawa nyembamba. Nikajifunga taulo kiunoni. Taulo likaingia kwenye mnyororo, mimi nikaingia kwenye kifusi. Mama mkwe akapita akipiga kengele. "Pole baba! Ningesimama, ila breki sijazizoea!"

Jumanne, 14 Julai
Kinyozi kajiunga. Hata hajakaa, anadai uchaguzi! Nikasema basi, Jumamosi, atakayetangulia kufika kwenye tangi la maji kilimani ndiye mwenyekiti. Wakakubali, maskini. Hawajui kuna njia ya mkato nyuma ya kiwanda cha matofali. Mimi naijua. Nimeiona kwenye ramani.

Jumamosi, 18 Julai
Ramani haikutaja mabata bukini. Wengi, na wote wana hasira. Nikageuza baiskeli, nikaporomoka mteremko mzima wa changarawe bila breki, bila taulo, bila heshima. Halafu likatokea jambo la ajabu. Nikaanza kucheka! Mawe yanaruka, meno yanagongana, upepo umejaa mdomoni, na mimi nacheka kama mtoto anayeogeshwa. Uchaguzi nikausahau kabisa. Nilipoukumbuka nilikuwa chini kabisa, na tangi liko juu.

Nikapanda nikisukuma. Mama mkwe alikuwa amekalia jiwe, anamenya chungwa. Kinyozi alikuwa amelala chali, hawezi hata kuongea. Mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mwenyekiti mpya akanimegea chungwa, akanitazama juu hadi chini, akauliza, "Baba, mbona umekuja na manyoya?"

Jumapili, 19 Julai
Mama mkwe kaniita sebuleni. Kwa upole kaniambia nisinyong'onyee, chama kinahitaji Fundi Mkuu. Fundi Mkuu! Ukikitazama vizuri, hicho ni cheo kikubwa kuliko uenyekiti. Mwenyekiti asiye na fundi si anatembea kwa miguu? Kinyozi kaleta baiskeli yake mwenyewe, kwa adabu. Nimezifungua zote tatu uani na kuzifunga tena. Zimebaki skrubu za kujaa kiganja.

Bila shaka kiwandani huwa wanazidisha.