Sanda Zimebaki Mbili

Jumanne, 7 Aprili 2026

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mteja akiingia dukani kwetu, mimi hujificha nyuma ya majora ya vitambaa. Sipangi. Miguu huenda yenyewe. Nina miaka kumi na sita, nimemaliza rafu mbili nzima za maktaba ya shule, na mtu akiniuliza bei ya kofia natazama viatu vyangu.

Leo nilikuwa huko huko nyuma ya majora Bwana Mulwa alipoingia. Yeye ni wakala wa mwenye jengo. Alimwambia Mama kwamba kodi isipotimia kufikia Jumatano ijayo, duka atapewa mtu mwingine. Aliyasema hayo kwa upole, huku akiupima ukuta wetu kwa macho. Mama akamwuliza, Idd imepita juzi tu, nani ananunua kanzu sasa? Bwana Mulwa akasema yeye ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Akaondoka na tende za sahani ya wageni.

Duka likienda, tunahamia Mombasa kwa mama mdogo Afnan. Nyumba ya Mountain View tunairudisha. Shule naiacha. Mama ameyasema bila kulia, na hilo limenitisha zaidi. Duka hili ndilo kitu pekee cha Baba ambacho bado kinafunguliwa kila asubuhi.

Lakini! Maktabani nimepata kitabu kuhusu jinsi akili ya mnunuzi inavyoiona bei. Nimekisoma chote. Nitalipeleka duka mtandaoni. Huko mteja hana uso!

Jumatano, 8 Aprili

Nimeanza. Kofia ya elfu moja nimeiandika 999, maana jicho husoma tarakimu ya kwanza na kulala. Kanzu nimeiandika 6,000, nikaikata kwa mstari mwekundu, kisha chini yake 2,999. Nimejiona mtu hatari.

Ndambuki amecheka. Tunasoma darasa moja, na ami yake ana duka la viatu mkabala na letu kwenye baraza hii hii ya ghorofani. Yeye huuza raba kwa simu na hajawahi kuandika bei hata siku moja. Huandika "bei inbox", umwulize faraghani, basi. Nilimweleza kwamba kitabu kinasema bei iliyofichwa humtia mnunuzi hofu. Akasema, "Prof, mtu akishauliza bei ushamshika. Wacha kusoma, bana, uza."

Ujumbe wa kwanza: "Last price?" Nikajibu kwamba 999 ndiyo bei ya mwisho, nikamfafanulia habari za tarakimu ya kushoto kwa aya mbili. Akaniuliza kama niko salama. Wa pili akasema ana mia saba. Wa tatu ni Bi Sahar wa msikitini, aliyenunua kanzu ile ile kwa Mama kabla ya Idd kwa 2,500. Aliuliza, mwanangu Musab, hii kanzu iliwahi kuwa elfu sita lini? Nikaizima simu na kuifukia chini ya jora.

Mauzo: kofia moja. Nilimpelekea mtu Adams Arcade. Akanipa noti ya elfu, akasimama kungoja shilingi yake. Sikuwa nayo. Akasimama. Nami nikasimama. Mwishowe nikaenda kununua sambusa ili nipate chenji.

Nimelitambua kosa. Watu wetu wanataka kuiangusha bei kwa mikono yao wenyewe. Mimi niliwaletea ikiwa imeshaanguka.

Ijumaa, 10 Aprili

Wazo! Wazo kubwa! Kuna kitu kimoja dukani ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiombea punguzo. Sanda.

Nimeshangaa sikuliona. Mteja hulia, husema "nipe", hatazami hata kitambaa. Kitabu kina sura nzima juu ya mnunuzi wa namna hii. Na sisi tunamfanyia nini? Tunamwonyesha kapu!

Kapu hilo ni la ukindu, limetundikwa kwenye msumari kando ya mizani ya ubani. Ni utaratibu wa Baba. Sanda ni elfu mbili, bei ya kitambaa cha bafta na pamba na karafuu maiti, bila faida. Mnunuzi hutia pesa kapuni mwenyewe, na Mama hugeuza uso ukutani asione ni kiasi gani. Asiyekuwa nacho hupitisha mkono mtupu, na hakuna ajuaye. Pesa ya kapu hununua sanda nyingine, haigusi kodi wala unga. Nilimkumbusha Mama kwamba Bwana Mulwa anakuja Jumatano. Akanijibu kwamba bora alale nje kuliko kulala ndani ya pesa ya kapu.

Basi Mama alipokwenda kuswali, nikaziweka sanda mtandaoni. Aina tatu. Ya Kawaida 2,999. Ya Heshima 4,999. Ya Firdausi 5,499. Ujanja uko hapa: Ya Heshima haipo kwa ajili ya kuuzwa. Ipo ili mtu aseme, loo, kwa mia tano tu naipata Firdausi! Nimeongeza "Zimebaki mbili tu", na saa inayohesabu kurudi nyuma. Pia dhamana: usiporidhika, rudisha ndani ya siku saba.

Sanda zote tatu ni bafta ile ile. Kwa hiyo Firdausi nimeitia mshono wa uzi wa dhahabu pembeni, uliobaki kwenye joho la bwana harusi fulani. Nimejidunga sindano mara nyingi. Sikumdanganya mtu, dhahabu inaonekana.

Jumamosi, 11 Aprili

Maoni ya wananchi ni mengi sana. Mmoja anauliza kama kuna saizi ya XL. Mwingine anauliza kama anaweza kujaribu kwanza. "Nikifa Jumatatu ofa itakuwa bado iko?" "Hiyo dhamana ya siku saba, nani analeta malalamiko?" Ndambuki ameandika, "Prof, hapa hata mimi nasimama na wewe, hii ni kali," na kuweka nyuso za kucheka zisizohesabika.

Wanunuzi: hakuna. Pengine hakuna aliyefiwa. Nimejikuta nikisikitika, kisha nikamwomba Mungu msamaha, kisha nikaangalia simu tena.

Jumapili, 12 Aprili

Asubuhi simu ililia. Mtu anaitwa Abdulfatah. Babake amefariki alfajiri, anataka sanda leo leo, apelekewe Kitisuru.

Kitisuru! Huko hata mbwa wana daktari wao! Kitabu kinasema bei haina budi kuufuata mfuko. Nikamwandikia kwamba Ya Kawaida ipo, lakini kwa eneo lake watu huchukua Firdausi, na kwa huko inafika 9,999. Kisha akauliza, je, hiyo Firdausi bado ipo? Nikajibu zimebaki mbili. Akaandika, "Sawa. Nipe dakika." Zikapita dakika nyingi. Pesa ikaingia.

Ilikuwa ndiyo iliyopungua kwenye kodi, na chenji juu! Nikampa Mama, nikamwambia ni za kanzu. Mama akakaa juu ya stuli. Akasema Baba angefurahi. Akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akaniombea dua. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia kapu.

Nikaenda Kitisuru na furushi. Geti jeusi refu kuliko msikiti. Mlinzi akanifungulia, sweta ya kazini imetoboka kiwikoni. Nikamwomba aniitie mwenye msiba, Bwana Abdulfatah. Akasema, "Ni mimi, kijana. Karibu."

Sikuelewa. Akanipitisha kando ya nyumba kubwa iliyofungwa, wenyewe wako ng'ambo, mpaka chumba chake kilicho nyuma ya tangi la maji. Babake alitoka Malindi kuja kutibiwa. Alikuwa amelazwa juu ya meza ya bustani, nyuma ya pazia la leso. Walinzi wa mageti ya jirani walikuwa wamesimama na marungu yao. Abdulfatah akanieleza kwa heshima, kama vile mimi ndiye mkubwa, kwamba hao ndio waliochangishana. Alitaka ile ya kwanza, ila jina lake lilimchoma. Kumwambia mtu baba yangu nimemzika kwa Ya Kawaida? Wenzake wakasema haiwezekani.

Aliyekuja kuosha alikuwa Maalim Hemed. Maalim aliyenifundisha Kurani! Akafungua furushi. Akaona uzi wa dhahabu. Akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu anakwenda kuzikwa au kuoa?" Hakuna aliyecheka. Kisha akaisoma karatasi yangu ya bei. Akaisoma mara ya pili. Akaomba mkasi.

Akaukata mshono wote, pembe kwa pembe, mbele yangu. Uzi ukawa unaanguka kwenye majani. Abdulfatah akaanza kuuokota, akauliza kama kuna tatizo, kama sanda imeharibika. Maalim akamwambia hapana, mwanangu, sasa ndiyo imetengenea.

Nimerudi nyumbani. Sina njaa. Kitabu hakikutaja mageti.

Jumatatu, 13 Aprili

Maalim amekuja dukani. Nilikuwa nyuma ya majora kabla hajakanyaga kizingiti. Walizungumza kwa sauti ndogo, halafu Mama akasema, "Musab, toka." Nikatoka. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliuliza jambo moja tu: kama pesa aliyoishika na kuniombea dua ndiyo hiyo ya sanda. Nikasema ndiyo.

Akafunga duka, akatungua kapu msumarini, akazitia pesa zote za Abdulfatah kwenye bahasha. Akasema, "Twende Kitisuru."

Abdulfatah alizikataa. Alisema babake ameshalala, hawezi kulala ndani ya sanda ambayo haikulipiwa. Mama akamwambia hii si bei, ni kosa la mtoto. Akamwambia mzee wangu, babake huyu, alizikwa kwa bafta hiyo hiyo, na hakuwa mtu wa kawaida. Abdulfatah akacheka kidogo, akasema kweli, hata wangu hajalalamika, na siku saba bado. Nikatamani ardhi inimeze. Kisha akapokea bahasha, na Mama akamnyoshea kapu, akageuza uso kwenye ua la michongoma. Abdulfatah akatia. Sauti ya noti kwenye ukindu ni ndogo sana.

Kurudi, tukafika Westlands. Hapo Mama akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 15 Aprili

Bwana Mulwa amekuja. Kodi haijatimia. Mama alimwomba wiki mbili. Akasema mpangaji mpya ameshalipa, pole mama, ingekuwa ni juu yake angengoja. Mpangaji mpya ni ami yake Ndambuki. Anataka kuongeza sehemu ya raba.

Nilisema, si kuna pesa ya kapu? Nilisema kwa sauti ya chini lakini nilisema. Mama akaanza kukunja kanzu. Akasema tunaondoka kesho.

Alhamisi, 16 Aprili

Tumehamisha. Ndambuki alikuja kutusaidia kubeba majora bila kuombwa. Sikutaka, lakini jora ni zito. Kwenye ngazi akasema, "Pole, Prof. Kusema ukweli sikujua ni duka lenu ami alilolipia." Baadaye akasema, "Lakini ungeandika tu bei inbox." Nilimwambia asante. Ni mtu mwema. Simpendi.

Mama atauza bidhaa zilizobaki nyumbani Mountain View mpaka mwisho wa mwezi, kisha tiketi za Mombasa. Labda. Itategemea kitakachouzwa. Amesema hataki kusikia habari za mtandao tena.

Sasa niandike kile nilichogundua, maana ni kikubwa. Nilipewa kapu nilibebe. Ndani mlikuwa na noti za Abdulfatah peke yake, Mama alishanunulia bafta zile za nyuma. Nikachungulia. Elfu tatu. Sanda ni elfu mbili! Mtu aliyerudishiwa pesa zake, mtu mwenye sweta iliyotoboka, ametoa zaidi ya bei, kwa hiari yake! Nimefikiri njia nzima. Kitabu hakina sura hii. Si mstari mwekundu, si 999, si saa. Ni ule uso uliogeuzwa. Usipomtazama mnunuzi, anajitazama mwenyewe, na akijitazama huongeza nusu. Nusu nzima! Kwa kanzu je? Kwa kofia? Baba alikuwa na mbinu kali kuliko zote na akaitumia kwenye sanda tu.

Nilipopanda mara ya mwisho, duka lilikuwa tupu. Mama alikuwa amesimama mbele ya ukuta, palepale penye msumari wa kapu, amenipa mgongo. Uso ameugeuza kabisa. Nisingeweza kumpanga vizuri zaidi.

Nikatoa simu. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, kwa hiyo picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Nikapiga nyingine. Nikateremka, nikakaa juu ya jora kwenye mkokoteni, nikaiweka mtandaoni, na chini yake nikaandika: "Kanzu na kofia. Lipa moyo unavyokutuma, hatutazami. Wengi hutoa 2,999. Zimebaki mbili."