Kengele ya Shimo la Ndizi

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Gitega.
Ndizi zimefukiwa leo nyuma ya nyumba. Mikungu minane, majani juu, udongo juu ya majani. Shangazi Emerensiana amesema shimo lisiguswe mpaka Ijumaa, joto likitoka ndizi haziivi. Alinitazama mimi peke yangu. Sijui kwa nini. Zikiiva tunakamua urwarwa, na tarehe 17 pombe hiyo inakwenda Butihinda kumposa Paskazia wangu. Bila pombe, baba yake, Mzee Simoni, hafungui mdomo. Mwaka jana jirani aliibiwa shimo zima. Mimi siibiwi! Nimetengeneza kengele: ukifunua majani, inalia. Kasoro ndogo tu: umeme ukikatika, nayo inanyamaza. Inataka betri za akiba, za kuchaji.

Jumanne, 5 Agosti.
Nimepita kwa Othmani, fundi redio wa sokoni. Kumwonyesha tu, si kumwuliza. Akanifundisha bila kuombwa: "We Longino, kamata batiri ya moto, weka mu nyumba, vuta waya mpaka ku shimo." Moto kwake ni pikipiki. Asante, profesa! Waya si utakatwa? Mimi nimesoma Kigoma. Betri itakaa shimoni, pamoja na ndizi, mwizi asiione. Nimenunua sita ndogo za kuchaji. Nimezima kengele, nimefunua kidogo, nimezizika.

Jumatano, 6 Agosti.
Nimefunua kujaribu. Sauti ya kuku mwenye mafua. Kumbe hizi za kuchaji kila moja ina volti moja na nukta mbili, si moja na nusu. Sita hazifiki volti tisa inazotaka kengele. Othmani anasema zingekuwa nane. Kwa hiyo nane sizinunui! Nimeweka betri tatu za simu zilizokufa, nimezifunga kwa gundi na imani. Nimefukia.

Alhamisi, 7 Agosti.
Shangazi kauliza mbona udongo wa shimo ni mbichi. Nikasema kuku. Nimefunua tena. Betri zimevimba kama maandazi! Nilizitupa kwenye migomba nikakimbia. Shangazi anadai shimo limepoa. Limepoa vipi, na betri zimevimba kwa joto? Watu wazima wengine hawafikiri.

Ijumaa, 8 Agosti.
Shimo limefunguliwa rasmi. Ndizi zote kijani, ngumu kama mawe. Shangazi alikaa chini kwenye udongo. Nimeogopa kweli. Paskazia amenisubiri miaka miwili, na mimi sina hata kibuyu kimoja cha kupeleka. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kidogo. Ila tuseme ukweli: mwizi hakuja. Kengele imefanya kazi yake.

Jumapili, 17 Agosti. Butihinda, Muyinga.
Tumekuja na kreti mbili za soda. Wazee wake walizitazama kama dawa ya minyoo. Lakini Mzee Simoni ni mtu wa Mungu! Alisema ameshafukia ndizi zake mwenyewe, kwa ajili ya binti yake. Alhamisi zinakamuliwa, na pombe ikiiva tutaongea. Akaniambia nikae, nile, nilale, nishike chochote hapa nyumbani isipokuwa shimo. Maskini, hawajui wezi. Bahati nzuri kwenye begi nina kengele yangu na betri ya pikipiki. Wazo langu mwenyewe.

Jumanne, 19 Agosti. Butihinda.
Jana walipokuwa shambani niliweka kengele. Betri ni kubwa, ilibidi niondoe mikungu miwili. Leo asubuhi, baada ya chai, nikafunua nione kama taa ndogo ya betri bado inawaka kijani. Nikasahau kuzima.

IKALIA! Sauti gani hiyo! Wamekuja watu wa mlima mzima, na majembe na mapanga, wakakuta kichwa changu kimo shimoni na makalio yanatazama mbinguni. Mzee Simoni alishika ndizi moja, akaibonyeza, akairudisha. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba pikipiki ya kwenda Muyinga mjini inapita saa nane, na soda zangu mbili zilizobaki niondoke nazo.

Paskazia alisimama mlangoni. Sijui alikuwa analia au anacheka, sikupata nafasi ya kumtazama. Nilikuwa naangalia taa ya betri. Siku nzima na usiku kucha shimoni, na bado kijani! Othmani atanyamaza milele.