Mifuko Mitatu ya Saruji kwa Mama Mkwe

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Naandika haya nikiwa ndani ya gari hapa Kibirizi, mwaloni zinapofunga boti, vioo nimepandisha na joto lote hili, kwa sababu kutoka nje siwezi. Ngojeni niwaambie yote kabla hamjayasikia kwa wengine.

Kwanza gari lenyewe. Ni saluni ya zamani, nililinunua kwa jamaa mmoja wa Mwanga aliyekuwa anahama. (Msiniulize aina. Lina shida za kutosha bila kutangazwa jina.) Mimi kazi yangu mnaijua, nafunga umeme majumbani, na mtaani kwetu Ujiji nyumba nyingi zinawaka kwa mikono hii. Kwa hiyo gari lilipoanza kugoma, na mke wangu Zawadi akasema lipelekwe kwa fundi umeme wa magari, nilimjibu kwamba umeme ni umeme. Neno hilo limenigharimu.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kuja na kuondoka. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Unajaribu tena na tena. Unashuka, unafungua boneti, unatikisa waya wowote ilimradi watu waone kwamba unajua unachofanya, unarudi kwenye usukani, linawaka. Nilisafisha vichwa vya betri. Nikabadilisha fyuzi. Swichi ya ufunguo nimeipima kwa testa yangu mpaka nikachoka, na kila nikipima ni nzima. Nawaambia kweli, tatizo lisilotaka kuonekana linachosha kuliko lililo wazi. Mwisho unaacha kuutilia shaka waya, unaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Sasa mama mkwe, maana yote haya yalianza siku aliyofika. Alikuja kutoka Kagunga kumwona mjukuu wake, Neema wetu, ambaye ana miezi michache tu. Alishuka boti hapa hapa Kibirizi na migebuka, samaki wakavu wa ziwani, na dumu la mawese, nikaja kumpokea. Akaingia kiti cha nyuma. Gari likagoma. Akashuka ili vijana wasukume, na kabla hawajaligusa, likawaka. Akaingia tena. Likazima. Vijana wa mwaloni walicheka mpaka wakakaa chini, ila Mama hakucheka. Siku ya kumpeleka mtoto kliniki ikawa hivyo hivyo. Jumapili tukaenda kanisani wote bila shida yoyote, nikajua limepona. Keshoye Mama akaingia aende kumsalimia ndugu yake Mwanga, likagoma tena. Akaenda kwa bajaji.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo wengine wenu mnalijua. Mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Sili naye meza moja. Simwangalii usoni. Akitokea koridoni, mimi narudi chumbani kama niliyesahau kitu. Hiyo ndiyo heshima, na nilikuwa namheshimu kwa moyo wote kwa sababu nampenda yule mama. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Neema alipopata homa, huyu ndiye aliyekaa naye kifuani mpaka kukacha, na mimi nilisimama nje ya mlango nikimsikiliza anavyombembeleza kwa Kiha, nikashindwa hata kumwambia asante. Nilimtuma Zawadi akamwambie. Habari za gari nazo zilipita kwa Zawadi. "Mwambie Mama ni waya tu." Yeye akipewa ujumbe wa namna hiyo anaitikia "haya", basi.

Leo asubuhi Zawadi amenikuta napiga mswaki.

"Mama anaondoka leo," akasema.

"Leo? Si alisema anasubiri ubatizo?"

"Mzigo wake umeshatangulia na bajaji, uko kwenye boti ya mchana. Anasema hawezi kukaa kwa mtu anayezima gari makusudi ili asimpakie."

Povu la dawa ya meno likanikwama. "Makusudi? Mimi?"

"Wewe ungeamini nini? Akiingia linazima, akishuka linawaka. Na mwenye gari hamsemeshi." Akanisogezea taulo. "Akipanda boti leo kwa moyo huu, hapa hakanyagi tena. Namjua mama yangu."

Iliniuma. Nilikuwa nampisha njia kila siku kwa heshima, kumbe Mama anaona anakimbiwa. Nikasema lazima nilipate hilo tatizo kabla ya boti, halafu nimpeleke mwenyewe mpaka mwaloni, aone kwa macho yake kwamba gari linambeba.

Nikaliwasha. Likawaka. Nikazima, nikawasha, likawaka. Nikalipeleka barabarani nikarudi, limetulia tuli. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango nikaanza kufikiri kama fundi, kitu ambacho nilitakiwa kukifanya mapema. Likigoma, ndani ya gari kunakuwa na nini ambacho likiwaka hakipo? Nikarudia safari zote kichwani. Waya zangu za kazi huwa zipo siku zote. Zawadi na mtoto, mara wapo mara hawapo. Ukiacha ile Jumapili, jibu likawa moja, na sikulipenda hata kidogo. Mama.

(Nikiri kwamba kwa dakika nzima nilifikiria mambo ya ajabu ajabu. Nisameheni. Mtu akikosa usingizi anafikiria chochote.)

Ndipo nikakumbuka kwamba pampu ya mafuta iko chini ya kiti cha nyuma, na waya zake zinapita pale pale. Mtu akikaa, kiti kinabonyea. Uzito! Nikafurahi mpaka nikapiga makofi. Fundi mwenye akili timamu hapo angeingia ndani, apige magoti, aseme, "Mama, samahani, naomba uje ukae kwenye gari nijaribu kitu." Lakini nitamwambiaje mama mkwe akae nimpime? Nikaona bora nitumie saruji.

Nilikuwa na mifuko ya saruji ya kujengea choo, ipo ukutani. Nikamwita jirani yangu Hamisi, anayeendesha bajaji, akae kwenye usukani azungushe ufunguo. Mimi nikabeba mfuko wa kwanza, nikauweka katikati ya kiti cha nyuma ili usidondoke.

"Washa!"

Likawaka.

"Mama ana kilo ngapi?" Hamisi akauliza. Injini inanguruma, kwa hiyo tunapaza sauti.

"Sijui. Naleta wa pili."

Nikaongeza. Likawaka. Hapo mimi nusu ya mwili iko ndani ya gari, nusu iko nje, na ile nusu ya nje ndiyo inayotazamana na mlango wa nyumba. Uso na nywele nimekuwa mweupe wa saruji. Na nina haraka, boti haimsubiri mtu.

"Labda siyo uzito," Hamisi akasema.

"Ni uzito!" nikapiga kelele. "Naongeza wa tatu! Mama hawezi kuwa mifuko miwili. Umemwona lakini? Yule mama ni mzito, Hamisi, usimchukulie poa!"

Hamisi akazima gari. Halafu nikamsikia anasema, kwa sauti ya chini na adabu nyingi sana:

"Shikamoo, Mama."

Ndugu zangu, nilibaki vile vile nilivyokuwa. Kichwa ndani, nimekumbatia saruji. Niliwaza kubaki humo mpaka boti iondoke.

"Marahaba," mama mkwe akajibu. Amesimama nyuma yangu, amevaa kitenge cha safari, mkoba begani. Zawadi yuko nyuma yake na mtoto, amejiziba mdomo.

"Mitatu?" Mama akauliza.

Nikatoka taratibu, nimeinamisha kichwa. "Mama, naomba unisamehe. Gari hili... nilikuwa natafuta kwa nini linagoma ukiingia. Sikuwahi kulizima. Naapa, sijawahi." Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyomwambia tangu nimwoe binti yake, na nimeyasema nikifanana na mtu aliyechimbuliwa.

Mimi nikahesabu nimeshampoteza.

Kisha akasogea mlangoni, akaichungulia ile mifuko. "Yewe, Baba Neema," akasema. "Mimi sikai hapo katikati. Mimi hukaa huku mwishoni, nyuma yako kabisa, ili tusikutane machoni kwenye kioo. Toa mifuko yako."

Tukaitoa. Akapandisha kitenge kidogo, akaingia, akakaa mahali pake. Hamisi akazungusha ufunguo. Stata ikapiga, ikapiga. Injini kimya.

"Nyanyuka kidogo, Mama," nikasema.

Akashika kiti cha mbele, akanyanyuka. Likawaka.

Akakaa. Likazima. Akanyanyuka, Hamisi akawasha. Akakaa tena bila kuambiwa, likazima. Niliona mabega yake yanalegea. Siku zote zile alikuwa amekaa pale nyuma yangu akiamini mkwe wake hamtaki, na sababu yake ilikuwa chini yake.

Nikakivuta kiti nje. Spring moja ilikuwa imechomoza kitambaani, ncha yake inakandamiza waya wa pampu mpaka umekatika ndani ya gamba, na mtu akikaa hapo pampu inakosa umeme. Jumapili Mama alikaa upande wa pili kwa sababu ya mtoto, ndiyo maana tulifika kanisani. Swali lote lilikuwa, "Mama, huwa unakaa wapi?" Na nyumba nzima mimi ndiye niliyeogopa kuliuliza. Nikaikunja ile spring, nikaunga waya, nikaufunga kwa utepe na kipande cha mpira wa tairi.

"Twende Kibirizi," Mama akasema. "Mzigo wangu usiende peke yake."

Kiti cha nyuma kiko chini uani na muda hakuna. Akaja mbele. Akakaa pembeni yangu! Kutoka Ujiji mpaka huku, kupita Mwanga, kushuka mjini, kioo cha kushoto sikukitazama hata mara moja, kwa sababu kukitazama ni kupita usoni kwake, na bajaji zimenipigia honi na kunitukana njia nzima. Gari halikuzima hata mara moja.

Nilipozima injini hapa mwaloni, akasema bila kunigeukia: "Ubatizo ni lini?"

"Jumapili ijayo, Mama."

"Haya. Kachukue mzigo wangu."

Nimeuchukua. Machozi yamenitoka kidogo pale botini, nikasingizia saruji. Nikadhani tumemaliza, turudi nyumbani kwa heshima. Lakini abiria, wote wa Kagunga, wakamuuliza mbona haondoki, na huyu kijana mweupe namna hii ni nani.

"Ni mukwe wanje," akawaambia kwa Kiha, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni. "Mtoto mzuri. Njooni niwaeleze alivyonipima."

Akaanza na mfuko wa kwanza.

Ndiyo maana nimejifungia humu. Anaonyesha kwa mikono, mpaka nahodha ameacha kujaza mafuta. Alipofika kwenye ule wa tatu, akakaa na kunyanyuka mwenyewe juu ya ndoo ili waelewe vizuri. Sasa wameng'oa nanga na bado nawasikia wakicheka. Mama anabaki na sisi, lakini kisa kimeshapanda boti kwenda Kagunga. Nyie wa humu kundini basi naombeni msicheke, wale wametosha.